Mume anataka waranti, mimi nina bisibisi

Kwako mshauri,

Natumai u mzima. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, naishi Donholm na mume wangu na watoto wetu wawili. Nimesita sana kuandika kwa sababu watu wanakuletea mambo ya talaka, na mimi nakuletea mambo ya friji. Lakini friji hii imetufanya tulale tukipeana mgongo, kwa hiyo nimeona heri niseme.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na kibanda Makongeni na sisi watoto tulikulia humo, tukimshikia tochi na kumpokeza lehemu. Kati yetu wote ni mimi niliyerithi mkono wake. Sikuisomea kazi hiyo, mimi ni karani tu katika ofisi ya uchukuzi, lakini nyumbani kwangu hakuna fundi aliyewahi kulipwa. Pasi nimetengeneza. Blenda nimeibadilishia brashi za mota. TV ilipoanza kutoa sauti bila picha nilienda Luthuli Avenue, nikanunua taa za nyuma ya kioo, nikazibandika mwenyewe, na inaonyesha vizuri hadi leo. Majirani wananiita Injinia na sikatai.

Mwezi uliopita zamu yangu ya chama ilifika. Tukaongezea akiba ya mume wangu, tukanunua friji mpya ya milango miwili, Sh86,000. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, na mimi natengeneza yoghati na maziwa mala nikitoka kazini, nawauzia majirani na walimu wa shule iliyo karibu. Tukiwa kwenye kaunta, muuzaji akatuambia tukiongeza Sh9,900 tutapata waranti ya nyongeza ya miaka miwili. "Kila kitu, mama, hata usiwaze." Nilicheka, nikamwambia waranti ni mimi. Mume wangu hakucheka. Aliuliza tuna muda gani wa kuamua, akaambiwa siku 30 tangu tarehe ya risiti.

Tangu siku hiyo hatuelewani. Baba Imani anasema tulipe. Mimi nasema hizo ni pesa za kutupa, kwa sababu kitakachoharibika nitakitengeneza. Juzi dada yake alitutembelea, na mbele yake akaniambia: "Hii friji usiiguse. Hii ni ya pesa." Nilinyamaza, lakini maneno hayo yalinichoma. Yaani vile vyote nilivyotengeneza tangu tuoane havikuwa vya pesa? Wifi naye akadakia kwamba kuna wanawake wanaojua kupika tu na nyumba zao zina amani.

Ili usisikie upande mmoja, yeye hulalamika kwamba meza ya kulia imegeuka gereji. Blenda ilikaa hapo imefunguliwa wiki kadhaa nikingoja spea. Na kuna siku mwaka jana TV ilinirusha kidogo nikiwa nimeifungua, na hata nilikuwa nimeshaichomoa, nikaangukia kabati, Imani akapiga kelele, lakini hayo ni mambo ya kawaida kwa fundi.

Imebaki kama wiki moja hizo siku 30 ziishe. Nimekutumia picha ya karatasi ya waranti, pande zote mbili. Nikilipa nitahisi nimekubali kwamba mimi si kitu. Nisipolipa na friji ikaharibika, nitaimbiwa wimbo huo mpaka uzeeni. Naomba ushauri.

Binti wa Fundi, Donholm

MAJIBU

Binti wa Fundi,

Usiione aibu barua yako. Zile za talaka unazozisoma hapa, nyingi zilianza na kitu kidogo kuliko friji.

Nikikuelewa vizuri, kwenye kaunta ile kulikuwa na maswali mawili na muuzaji aliuliza moja tu. Lake lilikuwa la Sh9,900. La pili ni kama mume wako anauona ujuzi wako, na hilo hakuna risiti inayolijibu. Mmekuwa mkibishana juu ya la kwanza kwa hasira ya la pili, kila mmoja akidhani anaongea habari za pesa. Ndiyo maana hesabu yako, hata ikiwa sahihi, haimwingii. Na yake haikuingii.

Niruhusu nianzie mahali ambapo wewe hukutaka tukae. Umeandika kwa kirefu habari za pasi, blenda na taa za TV, kisha ukapitia mbio mbio ile siku uliyorushwa. Sentensi moja, na ukaifunga kwa kusema ni kawaida. Sasa hebu iangalie ukiwa umesimama mlangoni alikosimama Baba Imani. Mtoto anapiga kelele. Mke yuko chini ya kabati. TV imefunguliwa, na waya wake umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Mtu asiyejua umeme akiona kitu kilichochomolewa kikimwangusha mkewe, anatoka hapo haamini tena kifaa chochote kilichofunguliwa.

Wewe unajua sababu, au nadhani unajua. Stima yetu ni volti 240, lakini ikishaingia kwenye bodi ya umeme ya TV na kugeuzwa, ile kapasita kubwa, kile kikopo kinachohifadhi chaji, hujazwa hadi volti 340 hivi, na chaji hiyo inaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa. Maikrowevu ni mbaya zaidi, kwani kapasita yake hubeba maelfu ya volti na imeua mafundi wenye uzoefu. Redio nyingi za kibanda cha Makongeni ziliendeshwa kwa mawe manne ya betri, volti sita kwa jumla, na hapo mtu angeweza kuweka kidole popote akaendelea kupiga soga na mteja. Mkono wa baba yako umeurithi kweli, sina shaka. Lakini vitu unavyovifungua si vile alivyovifungua yeye, na kwa barua hii sioni mtu aliyekufundisha kuhusu hii tofauti. Sisemi uache. Nauliza tu kama "kawaida kwa fundi" ni neno lako au ni kitu ulichomwambia mtoto ili anyamaze.

Na ikiwa ndivyo, basi "usiiguse" huenda ilikuwa na maana nyingine. Mwanamume wa Nairobi ni nadra kusema "naogopa utakufa" mbele ya dada yake. Atasema friji ni ya pesa. Inawezekana pia nimemtetea bure, na alimaanisha alichosema, kwamba ufundi wako unafaa pasi na blenda tu. Mimi siko ndani ya nyumba hiyo. Wewe ndiye unayeweza kumuuliza, na ningependa umuulize wakati friji haiko kwenye mazungumzo, wala wifi hayuko sebuleni. (Wifi nimemsikia. Tumwache hapo alipo.)

Sasa tuje kwenye karatasi, maana ulinitumia na nimeisoma hadi yale maandishi ya nyuma yanayohitaji miwani.

Kwanza, miaka miwili unayouziwa haianzi leo. Mwaka wa kwanza tayari ni wa kampuni iliyotengeneza friji, na hulipii chochote. Unaambiwa utoe Sh9,900 sasa kwa ajili ya mwaka wa pili na wa tatu. Mafundi watakuambia kwamba kifaa chenye kasoro ya kiwandani huwa kinajitangaza mapema, ndani ya miezi ya kwanza, na kilichochakaa hujitangaza baada ya miaka mingi. Katikati huwa kumetulia, na hapo katikati ndipo waranti za nyongeza hupenda kukaa. Wauzaji hawakusukumi kwa nguvu vile kwa sababu wanakuonea huruma. Faida ya karatasi hiyo mara nyingi inapita ya friji yenyewe. Lakini pia nisikufiche upande wa pili. Friji za siku hizi zina bodi za kielektroniki zinazoendesha kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, na bodi hizo haziipendi stima inayopotea na kurudi. Katikati ya Nairobi si lazima pawe shwari kama katikati ya nchi nyingine.

Hapo sasa soma mstari wa nne upande wa nyuma. Madhara ya umeme kupanda na kushuka hayamo. Wala ya maji, wala ya wadudu, na kwa mtu anayejua mende wa Eastlands wanavyopenda joto la nyuma ya friji, hiyo si kasoro ndogo. Kwa hiyo lile jambo linaloelekea zaidi kuiua bodi yako, waranti imeshajitoa. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachochomekwa kati ya soketi na friji, kinachokata stima ikipanda au kushuka mno na kungoja dakika chache kabla ya kuirudisha ili kompresa isianze ikiwa bado na presha, hakifiki nusu ya Sh9,900. Mkilipa waranti au msilipe, hicho kinunueni. Kuhusu hilo sina pande mbili.

Kuna na mstari mwingine, nao ndio ulionifanya niweke kikombe chini: waranti ni ya "matumizi ya nyumbani pekee". Wewe unauza yoghati. Sijui kama rafu mbili za maziwa mala machoni pa duka hilo ni nyumba au ni biashara, na nadhani hata yule aliyekuambia "kila kitu, mama" hajui. Lakini fundi wao akija mwaka wa tatu akakuta vikombe 40 vyenye vibandiko, atajua la kuandika kwenye fomu yake.

Haya, ukilipa itakuwaje? Baba Imani atalala. Usilidharau hilo, usingizi una bei. Ikiharibika kitu kilichomo kwenye orodha, hutatafuta spea wala hutafungua kitu mezani. Ila uliza nani amesimama nyuma ya karatasi, kama ni duka lenyewe, mtengenezaji au kampuni ya bima. Ahadi ya duka huishi kadiri duka linavyoishi, na sisi hapa tulimwona Nakumatt, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akifunga tawi baada ya tawi hadi wadai wake wakapiga kura avunjwe mwaka 2020. Ikiwa ni bima, angalau ina mdhibiti unayeweza kumlalamikia. Uliza pia huchukua siku ngapi kuja, kwa sababu maziwa yako hayasubiri foleni, na hakuna mstari hata mmoja unaosema watalipia maziwa yaliyoharibika.

Usipolipa, tuseme ukategemea mkono wako. Mwaka wa kwanza huwezi kuigusa kwa vyovyote, kwani ukifungua, waranti ya mtengenezaji nayo imekwenda. Kwa hiyo angalau kwa miezi 12 wewe na Baba Imani mnakubaliana, ingawa kwa sababu tofauti. Baada ya hapo, kuna vitu viko ndani ya uwezo wako: themostati, kile kiwashio kidogo cha kompresa, feni, mpira wa mlango, pengine hata bodi ukiipata. Hilo la kuipata lichunguze mapema. Luthuli siku hizi panatembeleka tangu walipopunguza njia ya magari 2019, basi pita siku moja na namba ya modeli uulize kama bodi yake inaletwa nchini na kwa bei gani. Taa za TV ziko kila duka pale. Bodi ya friji mpya ni hadithi tofauti.

Gesi ni mpaka mwingine. Tazama kibandiko cha nyuma au cha ndani. Kikisema R600a, kama friji nyingi mpya, hiyo ni jamaa ya karibu ya gesi ya mtungi wako wa jikoni na inashika moto. Iko makumi ya gramu tu, lakini mtu akileta moto wa kulehemu bomba wakati bado imo, hao makumi wanatosha. Kuijaza upya kunataka pampu ya kunyonya hewa na mizani. Baba yako hakuhitaji mizani kwa sababu redio haina gesi. Hapo ungehitaji fundi wa majokofu, na nyumba isiyowahi kulipa fundi ingelazimika kulipa. Sijui hilo lingekugharimu zaidi mfukoni au moyoni. Ukiwa kwenye hicho kibandiko, tazama na cha mlangoni pia, maana kampuni nyingi kubwa huahidi miaka 10 kwa kompresa. Mara nyingi ni kompresa yenyewe tu, si gesi wala kazi, lakini ni kitu ambacho tayari ni chako bila kuongeza shilingi.

Njia ya tatu wengi huisema kwa urahisi: hizo Sh9,900 ziwekeni kando. Kwa miezi 24 ni kama Sh412 kwa mwezi, na tofauti na waranti, zingelinda friji, TV, pasi na hata hiyo blenda. Friji ikikaa salama, pesa bado ni zenu. Kwenye karatasi inapendeza. Kisha Januari inafika na karo. Unaifahamu nyumba yako; je, pesa iliyowekwa kando hapo huwa inabaki kando? Baba Imani huenda anapenda waranti kwa sababu hiyo hasa, kwamba pesa iliyokwisha kulipwa haiwezi kukopwa na mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo. Mngeweza kuifunga kwenye chama au Sacco kwa jina la wote wawili, ila basi mngehitaji kukubaliana mapema ni nani anayesema "hili sasa ni la kufunguliwa na mimi" na "hili tuite fundi". Kwa maoni yangu mazungumzo hayo ndiyo mliyoyakimbia tangu TV ile. Hayawezi kuwa mepesi. Anaweza kukutajia mambo ambayo hungependa usiyaguse, na wewe unaweza kugundua kwamba baadhi yake yana maana.

Umeniambia ukilipa utahisi wewe si kitu. Hilo nalisikia, na sitakuambia usihisi. Ila nakumbusha kwamba mafundi wa Luthuli wenyewe hununua vitu vipya vyenye waranti na kuvirudisha dukani vikiwa na kasoro, bila kuona haya. Kujua kutengeneza hakumlazimishi mtu atengeneze kila kitu. Na upande wa pili, kama Baba Imani atalipa ili tu wewe usiguse, basi mtakuwa mmenunua waranti na ugomvi utabaki palepale, sasa ukiwa na risiti.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa muuzaji hakulitaja. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora huo hata asipoandika popote. Friji ikija na kasoro na duka likakuzungusha, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Milimani 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Haitakusaidia kwa kitu kilichochakaa chenyewe baada ya miaka. Lakini upige picha risiti leo, kwa sababu wino wa zile karatasi za mashine hufifia, na risiti nyeupe haina hoja mbele ya mtu yeyote.

Kwa hiyo kwa wiki hii iliyobaki, sikuoni ukiwa na jibu moja ulilolikosa. Nakuona na mambo mawili ya kuuliza: moja kwa mume wako, kuhusu siku ile ya TV, na moja kwa duka, kuhusu yoghati. La mume wako utajua mwenyewe wakati wake. La duka liulize kwa maandishi, kwa barua pepe au ujumbe kwenye namba yao rasmi, uandike wazi kwamba unauza maziwa kutoka kwenye friji hiyo, na ungoje jibu lenye jina la aliyejibu kabla mmoja wenu hajatoa hata senti.